Mustang 1966 ina taa za ukungu kwenye grili, nitajuaje kama zilitoka nayo kiwandani?

Kijana_wa_289

Wakuu salamu. Kuna mzee mmoja anataka kuniuzia Ford Mustang ya 1966, hadtopu (paa gumu lisilofunguka), rangi imepigwa upya ila kwa ujumla mwili uko vizuri. Shida ni kwamba anaitangaza kama GT orijino (ile Mustang ya kimichezo) na bei kaweka ya GT, na kila nikimuuliza ushahidi uko wapi ananipeleka mbele ya gari ananionyesha zile taa mbili za ukungu ndani ya grili, moja kila upande, zimeshikwa na ule mstari wa kromu unaopita kwa farasi. Kwake yeye mjadala umeishia hapo.

Mi nimeziangalia karibu. Vioo vyake havifanani, cha kushoto kina mistari minene na cha kulia mistari myembamba, na kimoja kimeandikwa 4415. Kuna swichi chini ya dashi upande wa kushoto wa usukani, ukiibonyeza zinawaka zote mbili. Taa kubwa za mbele zimeandikwa H6024. Nyuma kuna taa za rivasi, egzosi mbili zinatokea kwenye bati la chini ya bampa zikiwa na zile midomo kama ya tarumbeta, afu kwenye milango kwa chini kuna vitaa vyekundu vinawaka ukifungua. Dashi ina geji tano za duara.

Namba ya chesisi inaanza 6R07A, zinazofuata naomba nisiweke hapa.

Swali langu ni hizo taa tu kwanza, za kiwandani au mtu kaziweka? Na hizo nyingine zinanisaidia chochote kujua gari lilitokaje? Nimesoma sehemu tofauti kila mtu anasema lake.

mzuka_v8

Mkuu geji tano = GT. Zisizo GT zilikuwa na ile spidomita ndefu ya kulala. Chukua chuma hicho kabla mwingine hajakiwahi.

Fundi_Waya

@mzuka_v8 hapana kaka, hiyo ni ya 1965. Mwaka 1965 ndo geji tano zilikuja na GT (na wale waliochukua ndani ya kifahari), ya kawaida ikabaki na spidomita ya kulala. 1966 Ford wakaweka geji tano kwenye Mustang zote, hata yenye silinda sita. Kwa hiyo kwenye gari la huyu kijana geji tano hazisemi kitu chochote.

Sasa @Kijana_wa_289, taa ya ukungu ndo kitu cha MWISHO kuangalia kwenye GT, sio cha kwanza, kwa sababu ndo kitu rahisi kuliko vyote kununua. Grili yenye mistari, taa, vishikio, waya na swichi, vyote vinatengenezwa mpaka leo na unapata seti nzima kwenye boksi moja. Mtu mwenye spana na mchana mmoja anakutengenezea "GT". Na hata zamani hizo magari yakiwa mapya, vipande vya GT viliuzwa kaunta kwa madila wa Ford, kwa hiyo unaweza kukuta taa ni ya Ford kabisa, ya miaka ile ile, na gari bado sio GT ya kiwandani. Kuna makundi matatu hapo, kiwandani, dila, na mtu wa baadaye, na taa yenyewe ukiishika mkononi haikwambii iko kundi gani.

Anza na namba ya chesisi. 6 ni mwaka 1966, R ni kiwanda cha San Jose (F ingekuwa Dearborn, T Metuchen), 07 ni hadtopu, na A ndo yenye maana kwako. A ni injini ya 289 (inchi za ujazo) yenye kabureta ya midomo minne, hospawa 225. GT ilikuwa inatolewa kwa A na kwa K tu, K ndo ile 289 kali ya hospawa 271. Ingekuwa C, yaani 289 ya midomo miwili, au T ya silinda sita, ningekwambia funga mjadala hiyo sio GT hata iwe na taa kumi mbele. Kwa hiyo umevuka geti la kwanza. Lakini elewa vizuri, A haisemi kwamba NI GT, inasema tu INAWEZA kuwa. Namba ya Mustang za miaka hiyo haina herufi ya GT popote, na kile kibao cha bati mlangoni pia hakina.

Na hiyo namba umeisoma wapi? Kama umeisoma mlangoni rudi ukaisome iliyogongwa kwenye bati la ndani la fenda upande wa dereva, ukifungua boneti unaiona kwa juu. Vibao vya mlangoni vinachongwa upya watu wanaagiza kama wanavyoagiza fulana.

Baada ya hapo lala chini ya gari, nyuma. GT egzosi zake zinatoka kwa kutoboa lile bati la chini ya bampa, na ili zishike, kiwandani waliongeza vibati vya kuimarisha kwenye reli za chini ya buti, kwa ndani, kila upande kimoja, vikachomelewa wakati bodi inaundwa, na hanga za egzosi zinafungwa hapo. Mustang isiyo GT haina hivyo vibati. Hicho ndo kitu cha kuangalia maana mtu anayeweka taa za ukungu kwa kujionyesha mara nyingi hahangaiki kulala chini kuchomelea vibati ambavyo hakuna anayeviona. Mara nyingi, sio mara zote, vibati navyo vinauzwa. Kwa hiyo angalia weldingi. Ya kiwandani ni zile nukta za duara zilizobonyea, sawa na nukta nyingine zote kwenye reli hiyo hiyo. Ukikuta mstari wa weldingi umevimba pembeni, au bati ni safi na reli imechakaa, unajua.

Breki za mbele nazo: GT zote zilikuja na diski mbele. Ukikuta dramu, kuna maelezo yanatakiwa.

kabureta_4

Mbona mnamchosha kijana? Kuna ripoti ya Marti, unatuma namba ya chesisi unaletewa gari lilivyoagizwa, rangi, gia, kila opsheni mpaka taa. Unalipia kidogo tu unamaliza ubishi.

Fundi_Waya

@kabureta_4 ripoti ya Marti ni nzuri sana, nakubali, ila kumbukumbu za Ford alizonazo Kevin Marti zinaanzia modeli za 1967. 1965 na 1966 hazimo. Ndo maana GT feki zimejaa kwenye miaka hiyo miwili, wanajua hakuna pa kwenda kuuliza. Ingekuwa ya 67 au 68 nisingeandika mstari hata mmoja, ningemwambia agiza ripoti uje utuambie.

Bi_Spana

Niongezee kidogo kuhusu taa nyingine ulizotaja kaka, maana mzee wako naona anazihesabu zote kama ushahidi.

Taa za rivasi. Mwaka 1965 zilikuwa za kulipia, 1966 zikawa za kawaida kwa kila Mustang, mwaka huo kampuni za Marekani zilianza kuweka vitu vya usalama bila kulipisha. Kwa hiyo kwenye gari la 66 taa za rivasi ni kama usukani, ajabu ni zikikosekana. Hazadi (indiketa zote kuwaka pamoja kwa dharura) vilevile. Kitu kimoja kinachochekesha watu, swichi ya hazadi kwenye 66 iko ndani ya kisanduku cha dashi upande wa abiria, fungua uangalie. Kama ipo pale na inafanya kazi basi angalau sehemu hiyo ya wayaringi haijavurugwa.

Vitaa vyekundu vya milangoni. Hivyo havikuja na GT. Vilikuja na ndani ya kifahari, ile yenye farasi wanaokimbia kwenye viti. Na hapa kibao cha mlangoni kinasaidia kuliko kwenye GT, kwa sababu hadtopu ya ndani ya kawaida imeandikwa 65A na ya ndani ya kifahari imeandikwa 65B. Soma kwanza kibao kinasemaje. Kama ni 65A na milango ina vitaa, mtu kabadilisha makava ya milango, na huyo huyo anaweza kuwa kabadilisha na vingine.

H6024 ni halojeni. Magari ya Marekani yalianza kupata taa kubwa za halojeni mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa hiyo hizo sio za 66, ila hilo halina kosa, taa zile zinaungua zinabadilishwa, na kwa kuendesha usiku ni bora kuliko za zamani. Za zamani zilikuwa 6012, na za kiwandani zilikuwa na jina FoMoCo (Ford Motor Company) kwenye kioo. Wanaopeleka magari kwenye maonyesho wanazitafuta kwa udi na uvumba, sisi wengine tunataka kuona barabara.

Hiyo 4415 unayoiona kwenye taa ya ukungu ni namba sahihi. Ni taa iliyofungwa yote pamoja, kioo na balbu kitu kimoja, ikiungua unatupa nzima. Ila namba hiyo imetengenezwa miaka na miaka kwa matrekta, malori, kila kitu, kwa hiyo kuwa 4415 inasema tu ni saizi sahihi. Vioo viwili tofauti maana yake angalau kimoja kilishabadilishwa.

Na usisahau vioo vya taa za nyuma na indiketa, huwa vina maandishi madogo sana pembeni, chukua tochi na kitambaa chenye maji. Ukikuta FoMoCo na herufi za SAE (chama cha wahandisi wa magari), uko vizuri. Ukikuta DOT (wizara ya uchukuzi ya Marekani), hicho kioo ni cha baadaye, maana sheria ya shirikisho ya taa za magari ilianza kufanya kazi Januari 1968. Ukikuta Taiwan, hicho ni cha kunakili, sihitaji kueleza.

mzuka_v8

Dada hapo kwenye sheria ya 1968 ndo ile iliyoleta taa za ubavuni?

Bi_Spana

@mzuka_v8 ndo hiyo hiyo. Kuanzia 1968 ilibidi gari liwe na alama ubavuni, iwe taa au kirudisha mwanga, ikifika 1970 vyote viwili. Ni njia ya haraka sana ya kutambua mwaka kwa mbali. Dodge Charger ya 68 ina vitaa vya duara ubavuni, ya 69 ina virudisha mwanga vya mstatili, na ya 66 na 67 hazina kitu. Chevrolet Camaro ya 67 haina, ya 68 inazo. Ukiona Mustang inaitwa ya 66 na fenda ina tundu la taa ya ubavuni, fenda hiyo imetoka kwingine.

RS_au_Basi

Naona mnaongelea Mustang tu, ngoja niingize Camaro maana ugonjwa ni ule ule na labda itamsaidia kijana kuona mbinu.

Kwenye Camaro kitu cha kufeki ni RS, ile ya taa za mbele kujificha nyuma ya milango midogo kwenye grili, opsheni Z22. Mtu ananunua grili, anafunga, anakwambia RS. Sasa kiwandani RS haikuwa grili peke yake. Ya 1967 milango ya taa inasukumwa na mota za umeme. Ya 68 na 69 inasukumwa na vakyumu (nguvu ya kufyonza hewa) ya injini, kuna tangi lake na mipira inapita. Kwa hiyo 67 yenye vakyumu au 68 yenye mota, kuna mtu kachanganya spea za miaka miwili. Nyuma, RS zote za miaka hiyo mitatu taa za rivasi zinahama kutoka ndani ya taa za nyuma zinashuka chini ya bampa. Hapa ndo wengi wananaswa, kafunga sura ya mbele nzuri kabisa inafunguka na kufunga, unazunguka nyuma unakuta kipande cheupe cha rivasi bado kiko katikati ya taa nyekundu. Ya 69 pia RS ilikuja na mfumo wa kurusha maji kuosha taa, tafuta mipira na vinozeli.

Halafu ile milango ya 69 ina vipande vitatu vya kioo, makusudi, ili vakyumu ikifa usiku na milango imefunga bado mwanga kidogo unapita. Ukishakaa nyuma ya usukani na vakyumu imevuja utaelewa mantiki yake haha.

Kwa upande wa karatasi Camaro ni ngumu kuliko Mustang za 67 kuendelea. Chevrolet hawana kumbukumbu za opsheni za magari waliyouza Marekani enzi hizo, GM Kanada ndo wanazo, na ni kwa magari yaliyouzwa Kanada yakiwa mapya. Pontiac wenyewe wana raha, kuna PHS (Pontiac Historic Services) wanakutolea hati ya gari lako na opsheni zake, hata GTO yenye taa za kujificha unaijua kabla hujaondoka nyumbani.

Kwa hiyo kijana fanya alivyosema Fundi, tafuta kitu ambacho muuzaji hajui kama kinatakiwa kuwepo.

Kijana_wa_289

Asanteni sana wakuu, na dada Bi_Spana pia. Nimerudi kwa mzee na tochi, akanikubalia nikaingia chini, nadhani alishachoka na mimi.

Namba ya kwenye bati la fenda inafanana na ya mlangoni, 6R07A na zinazofuata zote. Kibao cha mlangoni kimeandikwa 65A. Kwa hiyo vitaa vya milangoni vimepandikizwa, na kweli nikiangalia vizuri makava ya milango ni mapya kuliko viti.

Chini nyuma vibati vipo, vyote viwili. Vina nukta za duara kama ulivyosema mkuu, na vimefunikwa na ile lami nyeusi ya zamani pamoja na reli, imepasuka pasuka kwa pamoja, huoni mpaka. Mbele ni diski, kaliper kubwa ya pistoni nne.

Ila sasa taa. Nimefungua boneti nikafuata waya wa taa za ukungu kutoka nyuma ya grili. Waya ni mwekundu mmoja mnene, mpya, umepita juu ya fremu ya radieta ukaenda MOJA KWA MOJA kwenye solenoidi ya stata pale kwenye fenda, hakuna fyuzi niliyoiona, afu mwingine unaingia ndani kwenye swichi kupitia tundu la kebo ya spidomita. Viunganishi ni vile vya plastiki vya bluu vya kubana na koleo. Swichi imefungwa na skrubu za kujitoboa na ni ile ya kupandisha na kushusha ya duka lolote la spea. Vishikio vya taa vina rangi nyeusi inayong'aa, bila hata alama ya jiwe.

Nimechanganyikiwa. Chini inasema GT, mbele inasema feki.

Fundi_Waya

Safi sana, hiyo ndo kazi. Na wala hujachanganyikiwa, umepata jibu, ila ni majibu mawili kwa maswali mawili.

Gari: A iliyogongwa kwenye chuma, vibati vya kiwandani vyenye nukta na lami ya zamani juu yake, diski za pistoni nne, egzosi inatokea panapotakiwa. Mi ningesema ni GT ya kiwandani, na ningesema bila kutazama grili. Hiyo lami ndo imenishawishi zaidi, kibati kinaweza kununuliwa lakini lami iliyopasuka pamoja na reli kwa miaka yote hiyo hainunuliwi.

Taa: sio za kiwandani. Waya wa kiwandani unatambulika, Ford walitumia rangi zenye mstari na kila saketi ina rangi yake. Angalia taa kubwa za gari hilo hilo, mwanga wa chini ni waya mwekundu wenye mstari mweusi, mwanga wa juu ni kijani wenye mstari mweusi. Zimefungwa pamoja kwa utepe, zinapita kwa mpangilio. Waya mmoja mwekundu mtupu kutoka kwenye solenoidi hakuna mhandisi wa Ford aliyeuchora. Mtu wa baadaye kaweka, fundi wa haraka.

Ilikuwaje GT ikapoteza taa zake? Kirahisi tu. Zile taa zimekaa mbele kabisa ndani ya grili, gari likigongwa pua kidogo tu ndo za kwanza kwenda. Mwenye gari wa miaka ya 70 au 80, Mustang wakati huo ni gari kuukuu la kawaida, ananunua grili ya bei rahisi isiyo na mistari anaendelea na maisha. Miaka inapita GT inakuwa dhahabu, mwingine anairudishia taa za kwenye boksi. Ukitaka kuhakikisha angalia fremu ya radieta na mabati ya fenda ya mbele kama yana weldingi mpya au mikunjo iliyonyooshwa, na linganisha na ile namba nyingine iliyogongwa inayofichwa na fenda, siku ukiifungua fenda.

kabureta_4

Kwa hiyo feki mbele na orijino nyuma. Mzee alikuwa anasema ukweli kwa ushahidi wa uongo 😂

Bi_Spana

😂😂 ndo hivyo kabisa, na yeye mwenyewe labda hajui.

Kaka kwenye bei hilo linakusaidia pande zote mbili. Huwezi kumwambia sio GT maana ni GT, hapo kuwa mwungwana. Ila taa, swichi, waya na makava ya milango unaweza kuyataja moja moja. Na usikubali akikwambia "ndani ya kifahari ya kiwandani", 65A yake imemkana.

Swali, kwenye grili ule mstari wa kromu unafika mpaka kwenye taa bila kuungwa? Ya 66 ya kawaida haikuwa na mistari hiyo kabisa, farasi na fremu yake vinaelea, GT ndo yenye mistari inayoenda kwenye taa.

Kijana_wa_289

Mstari unafika dada, haujaungwa, ila kromu ni mpya mno. Nadhani grili nzima ni ya boksi.

Fremu ya radieta upande wa kulia kwa chini ina weldingi ambayo haifanani na ya kushoto, nimepiga picha. Na fenda ya kulia ukigonga na kidole inalia tofauti. Kwa hiyo iligongwa mbele kulia, inaingia kwenye maelezo ya Fundi.

Nikinunua, nitafute taa za zamani kweli au hizi ziendelee tu?

RS_au_Basi

Kama ni gari la kuendesha hizi ziendelee, ila tafuta kioo kimoja kifanane na mwenzake, hiyo ya vioo viwili tofauti inaniumiza macho hata kwa maelezo tu. Kama unataka kulipeleka kwenye mashindano ya urejeshaji, hapo ni safari nyingine, utatafuta swichi na waya sahihi vya 66 na ujiandae kwa mabishano ya wazee kuhusu nati.

Namba za Ford zikukae kichwani ukienda kutafuta: kipande cha Mustang ya 65 kinaanza C5Z, C ni miaka ya 60, 5 ni mwaka, Z ni Mustang. C6Z ni ya 66. Vingi vya 65 viliendelea kutumika 66 kwa hiyo usishtuke. Ukiletewa C6O hiyo ni ya Fairlane, S ni Thunderbird. Kuna jamaa waliuziwa taa za nyuma za Thunderbird ya 65 kwa ajili ya Shelby ya 68 (Mustang iliyoboreshwa) wakadhani wametapeliwa, kumbe hapo ndo sahihi, Shelby ya 68 ilitumia taa za Thunderbird kweli, zile zinazowaka kwa kufuatana.

mzuka_v8

Hizo zinazofuatana ndo ninazozipenda mimi. Zina mota kwenye buti kweli?

RS_au_Basi

@mzuka_v8 za mwanzo ndio, kimota kinazungusha kamu, kamu zinafunga swichi moja baada ya nyingine. Ukiwa umekaa kiti cha nyuma unaisikia ikisaga ukiwasha indiketa. Fungua uzi wako tutakueleza, tusimharibie kijana.

Fundi_Waya

@Kijana_wa_289 taa zibaki, nakubaliana na RS. Ila ule waya sikubaliani nao hata dakika moja. Waya unaotoka kwenye solenoidi bila fyuzi una moto muda wote, hata swichi ya gari ikiwa imezimwa, na umesema umepita juu ya fremu ya radieta na kwenye tundu la kebo ya spidomita, sehemu zote mbili ni bati lenye makali. Ukisuguka ngozi ikatoka, waya unaungua urefu wake wote mpaka ndani ya dashi, na betri haitakuonea huruma.

Mkikubaliana bei, kabla hujaliwasha kuliondoa hapo, fungua waya hasi wa betri, fungua ule waya kwenye solenoidi, ukate kichwa chake, ufunge utepe na uuache. Taa za ukungu hazitawaka na hakuna tatizo. Ukifika kwako tutakuelekeza kuweka rilei na fyuzi karibu na betri, na mpira wa kukinga pale kwenye tundu, afu weka picha ya nyuma ya ile swichi nione wamekopa umeme wa wapi kwa upande wa pili.

Kijana_wa_289

Nimekupata mkuu. Kesho naenda na koleo na utepe.